Goti la Kushoto la Bibi Harusi

Maiti ilikuwa imelala nyuma ya skrini, na mbele ya skrini watu mia mbili na thelathini walikuwa bado wanaimba.

Hilo lilimkera Inspekta Winifred Garside kuliko damu. Alifika Sinema ya Meridiani saa kumi na nusu alasiri, Jumamosi ya pili ya Februari, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kuzima projekta. Skrini ya sinema ina matundu madogomadogo ili sauti ipenye, na kupitia matundu hayo rangi za filamu zilikuwa zikimwangukia marehemu, mara nyekundu, mara buluu. Alivaa gauni jeupe la harusi. Shela nzito ilimfunika uso. Kando ya kichwa chake palikuwa na fanusi ya chuma, na chini ya mkono wake kadi ndogo yenye tone la damu.

"Wanaimba nini hao?" aliuliza Inspekta.

"Wimbo wa mwisho, bosi," alijibu Sajini Mick Oldroyd. "Wanadhani yote haya ni sehemu ya onyesho."

"Kazime huo mtambo."

Sajini alisitasita kidogo, maana yeye ni mtoto wa mji huu wa Withernby na wimbo wa mwisho haukatizwi. Kisha akaenda. Sauti ilikatika, taa zikawaka, na nyuso mia mbili na thelathini zilizopakwa unga mweupe zikageuka kuwatazama polisi waliosimama milangoni.

Sisi wa Withernby hatuhitaji kuelezwa habari za "Bibi Harusi wa Chumvi", lakini Inspekta alihamishiwa kwetu kutoka Bradford miaka minne tu iliyopita, na kwa majivuno yake alikuwa hajawahi kuitazama. Sajini alilazimika kumweleza palepale, wamesimama juu ya maiti. Mwaka 1971 vijana fulani walitunga mchezo wa jukwaani wenye nyimbo za roki, wakauonyesha katika chumba kilicho juu ya baa huko Hull. Miaka mitatu baadaye ukageuzwa filamu. Filamu ilianguka vibaya, magazeti yakaicheka, ikasahaulika kila mahali isipokuwa kwetu. Hapa imeonyeshwa kila Jumamosi kwa miaka ishirini na miwili. Zamani ilikuwa saa sita usiku, mpaka majirani wakalalamika na halmashauri ikaisogeza hadi saa tisa alasiri.

Na haitazamwi kwa kukaa kimya. Mbele ya skrini mashabiki huigiza kila kitendo sambamba na waigizaji wa filamu, sauti ikitoka kwenye filamu yenyewe. Bibi Harusi anapofunga ndoa, ukumbi mzima humrushia chumvi. Karibu na mwisho, kengele inapolia, kila mtu hujifunika uso kwa kitambaa cheusi kwa dakika nzima, na Bibi Harusi hupotea nyuma ya skrini. Wanaiita Dakika ya Shela. Anayechungulia hapewi salamu mjini kwa mwezi mzima.

"Kwa hiyo kwa dakika nzima hakuna aliyekuwa anaona?" Inspekta alisema.

"Hata mmoja."

"Na Bibi Harusi alikuwa mzima kabla ya hapo?"

"Watu wote wamemwona. Alipotakiwa kurudi, hakurudi."

Marehemu alikuwa Neville Thackray, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, karani mstaafu wa maktaba na mwenyekiti wa mashabiki. Yeye ndiye aliyekuwa Bibi Harusi Jumamosi zote hizo, hata siku aliyomzika mama yake. Alikuwa amepigwa kisogoni mara moja, kwa nguvu. Fanusi ilikuwa imefutwa vizuri, haina alama ya kidole. Kadi iliyokuwa chini ya mkono wake ilibandikwa kipande cha ukanda wa filamu chenye picha nne, lakini watazamaji wote walikuwa wamepewa kadi kama hiyo mlangoni, kwa hiyo haikumwambia Inspekta kitu. Aliitia katika mfuko wa vielelezo akaendelea.

Aliyemkuta maiti alikuwa Clive Hebblewhite, mwendesha projekta. Mikono yake ilikuwa na damu hadi kwenye vifundo.

Walimhoji katika chumba cha projekta, akiwa amekaa juu ya kopo tupu la filamu.

"Ulikuwa wapi saa kumi na dakika kumi?"

"Kwenye ngazi, navuta sigara. Nilikuwa nimeshaweka ukanda mpya."

"Nani alikuona?"

"Atanionaje mtu? Wote walikuwa wamejifunika."

"Damu hiyo?"

"Nilimgeuza. Nilidhani amezimia na hilo gauni lake."

"Jana ulimwambia marehemu nini mbele ya muuza tiketi?"

Clive alijikuna kidevu. "Kwamba namwombea huo mkasi wake umwingie shingoni."

"Mkasi gani?"

Hapo machozi yakamlengalenga mtu huyo mzima. Alieleza kwamba kampuni ya filamu ilikuwa imetoa nakala mpya kuadhimisha miaka ishirini na mitano ya filamu, picha zimesafishwa na nyimbo zimeimbwa upya na mwigizaji yuleyule, ambaye sasa ni mtu mkubwa London. Nakala zote za zamani zilitakiwa ziharibiwe. Moja tu ya akiba ilikuwa imebaki duniani, yenye mikwaruzo na sauti ya zamani, na Clive alikuwa ameificha chini ya ngazi kwa miaka kumi na mmoja. Neville aliigundua. Akakata wimbo mmoja, Wimbo wa Fanusi, akatoa humo vipande vya kubandika kwenye kadi za ukumbusho, na mabaki yake pamoja na makopo mengine yote akayapeleka kwenye lori la taka la Ijumaa.

"Sauti ile haipo tena," Clive alisema. "Mnaelewa? Hata kama kampuni ikijuta kesho, haipo."

Alikuwa na rekodi pia. Mwaka 1978 alimvunja mtu taya bandarini. Mrakibu alipoambiwa kwa simu, hakutaka kusikia zaidi. Alisema damu ipo, tishio lipo, rekodi ipo, na kwamba Jumatatu asubuhi mtu huyo asomewe shtaka la mauaji. Clive alitiwa pingu akashushwa ngazi za mbele, na mashabiki wenye nyuso nyeupe wakampisha kimyakimya. Mmoja alitema mate.

Inspekta Garside hakuridhika, na hakujua kwa nini. Ni mwanamke asiyependa kutojua. Kabla ya kuondoka alipanda kwenye chumba cha mavazi, ambako mtunza mavazi, Bi Beryl Osgodby, alikuwa amewasha birika.

Bi Beryl alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa mwembamba, na alijifunga skafu shingoni. Mwaka 1981 alipasuliwa koo, na tangu hapo hana sauti bali pumzi tu, mnong'ono ambao lazima usogee karibu kuusikia. Sisi tulimzoea. Watoto walimwogopa.

"Ulikuwa hapa muda wote?"

"Hapa hapa," alinong'ona. "Napiga pasi."

"Hukusikia kitu?"

"Nilisikia filamu. Siku zote nasikia filamu."

"Nani huingia nyuma ya skrini onyesho likiendelea?"

"Bibi Harusi tu. Wengine hawakanyagi. Ni mwiko."

Alimpa Inspekta chai iliyokolea maziwa na kipande cha keki ya tangawizi, kisha akarudi kwenye pasi yake. Mashine ya kufulia ilikuwa inanguruma kwenye kona. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Inspekta alikumbuka jambo hilo baadaye, na lilimsumbua.

Jumapili asubuhi ukungu wa baharini ulikuwa umeingia mjini hadi milango haionekani. Inspekta alifika kituoni akamkuta mwanamke mnene mwenye koti la njano amekaa kwenye benchi, ana hasira. Aliitwa Janice Mudd, mfanyakazi wa posta, na alisema ameitazama filamu ile mara mia sita na kumi na nne.

"Nimekuja kutoa malalamiko," alisema.

"Juu ya nani?"

"Juu ya Neville. Mungu amrehemu, lakini jana aliharibu Wimbo wa Fanusi."

Sajini Oldroyd aliinamisha kichwa asicheke. Inspekta alitaka kumfukuza mama huyo kwa adabu, lakini ukungu ulikuwa mzito na kahawa bado ya moto, kwa hiyo akamwacha aseme.

Janice alisema Bibi Harusi anapoimba Wimbo wa Fanusi hupiga goti la kulia na kuinua taa kwa mkono wa kushoto. Ndivyo ilivyo kwenye filamu, na Neville alifanya hivyo Jumamosi zote bila kukosea, hata alipokuwa na gauti. Jana alipiga goti la kushoto.

"Labda goti lilikuwa linamuuma."

"Mwenzangu, hunielewi. Hakukosea. Mtu anayekosea huwa anashtuka, anarekebisha. Huyu alishuka kama mtu anayejua anachofanya. Hata kichwa alikigeuza upande mwingine. Tena..." Janice alisita. "Vizuri sana. Nimeona Bibi Harusi mara zote hizo na sijawahi kulia. Jana nililia, na nikawa namkasirikia huku nalia."

"Umemwambia nani?"

"Nani atanisikiliza? Wameshampata muuaji wao."

Janice alipoondoka, Sajini alisema kwamba mjini kwetu mtu anaweza kuuawa na bado watu wakagombana juu ya goti. Inspekta alikuwa ameinama anafungua kiatu, kwa maana tangu asubuhi kitu kilikuwa kinamchoma unyayo. Alikikung'uta juu ya meza, na chumvi ikamwagika.

Aliitazama kwa muda mrefu. Yeye alipita tu kwenye ukumbi ule, baada ya onyesho, na chumvi ilikuwa imeingia kwenye soksi, kwenye mkunjo wa suruali, kwenye zulia la gari. Bibi Harusi alisimama katikati yake ikimiminika.

Alipiga simu mochwari. Mpasuaji maiti alikuwa anakula, na alijibu mdomo umejaa.

"Gauni la Thackray," Inspekta alisema. "Lina chumvi?"

"Subiri nitazame." Simu ilikaa kimya dakika tatu. "Hapana."

"Kwenye shela? Kwenye mikunjo? Kwenye nywele?"

"Hakuna hata chembe, mama. Nimeona maharusi wengi wachafu kuliko huyu."

"Wakati wa kifo?"

"Nyuma ya skrini kuna baridi ya kuhifadhi samaki, siwezi kubana sana. Kati ya saa nane na nusu na saa kumi na robo. Wewe ndiye uliyeniambia saa kumi na dakika kumi, kwa sababu watu walimwona."

Inspekta alikata simu. Watu walimwona Bibi Harusi. Waliona gauni, glavu na shela. Neville Thackray alikuwa ameshakufa kabla chumvi ya kwanza haijarushwa, amelala gizani mahali ambapo kwa mwiko wao wenyewe hakuna ambaye angekanyaga, na mtu mwingine alitoka mbele ya watu mia mbili na thelathini akaolewa badala yake. Alishika mkononi ile fanusi iliyoua, akaiinua juu waione.

Sajini aliposimuliwa hayo, mzaha ulimtoka.

"Kabla ya saa tisa Clive alikuwa chumba cha projekta," alisema polepole. "Mabwana wawili wa kampuni walioleta nakala mpya walisimama nyuma yake wanamchunguza hadi filamu ilipoanza. Siwezi kumpenda mtu kwa kuvunja taya, bosi, lakini mauaji haya si yake."

"Sasa nitafutie mtu anayeijua sehemu ya Bibi Harusi hatua kwa hatua, lakini hakujifunza kwenye filamu."

Hawakutafuta mbali. Katika ushoroba wa sinema, kati ya mlango wa choo na mashine ya peremende, kuna picha ya zamani ambayo sote tumepita mbele yake maisha yetu yote. Ni ya mchezo wa jukwaani, chumba cha juu ya baa, Hull, 1971. Bibi Harusi mwenye shela amepiga goti, fanusi mkononi. Inspekta alisogeza tochi.

Lilikuwa goti la kushoto.

Chini yake palikuwa na majina yaliyopigwa kwa taipureta. Bibi Harusi, Bi Pearl Dawn.

Bi Beryl alikuwa chumba cha mavazi ingawa ilikuwa Jumapili. Alikuwa anashona kifungo. Nje ya dirisha hapakuonekana kitu ila ukungu, na taa ya mezani ilikuwa imewashwa mchana kweupe. Inspekta aliketi mbele yake. Sajini alisimama mlangoni.

"Una magauni mangapi ya Bibi Harusi?"

"Mawili. Moja likivaliwa, lingine linasubiri Jumamosi ijayo."

"La pili liko wapi?"

"Kwenye kamba. Nimelifua."

"Lini?"

"Jana, kama kila..." Mnong'ono ulikatika.

"Jana lilivaliwa moja tu, Bi Beryl. Na aliyelivaa yuko nalo mochwari. Lile jingine ulikuwa unalifulia nini?"

Sindano ilisimama.

"Na shela yake?" Inspekta aliuliza.

"Shela haifuliwi. Ni kimia cha zamani, maji yatakichana."

Ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango. Sajini aliipapasa kwa vidole, akatikisa kichwa, haina kitu. Lakini Inspekta alikuwa anatazama dirishani. Palikuwa na chupa ya jamu, imeoshwa na kukaushwa, na ndani yake chumvi ya kiasi cha vijiko vitatu. Juu ya kifuniko ilibandikwa karatasi yenye tarehe ya jana.

Mtu yeyote mwenye akili angeimwaga kwenye sinki. Mtunza mavazi aliyefua gauni, akafuta fanusi, akapika chai mikono haitetemeki, aliikung'uta shela pole pole juu ya gazeti na kuihifadhi chumvi ile.

"Pearl Dawn ni nani?" Inspekta aliuliza.

Bi Beryl aliweka kifungo mezani.

"Ni msichana fulani," alinong'ona, "aliyekuwa na sauti."

Maungamo yalichukuliwa kituoni saa kumi na moja jioni, na ndipo pakatokea shida ambayo Sajini Oldroyd anaisimulia hadi leo bila kutabasamu. Kinasa sauti hakikuweza kumnasa. Walirudisha kanda kusikiliza, wakasikia maswali ya Inspekta, na baada ya kila swali mvumo mtupu.

"Nitarudia maneno yako kwa sauti yangu," Inspekta alisema. "Nikikosea, nisahihishe."

Bi Beryl alimtazama, akacheka bila sauti. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika.

"Sawa," alinong'ona. "Nimezoea."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mmoja alinong'ona, mwingine akasema.

Pearl Dawn lilikuwa jina lake la jukwaani, na nyimbo zote za Bibi Harusi alizitunga yeye, akiwa na miaka thelathini, katika chumba cha juu ya baa. Aliziimba usiku mia na kumi. Goti lilikuwa la kushoto kwa sababu upande wa kulia mbao zilikuwa zimeoza, na usiku wa kwanza alitumbukia hadi kiunoni. Filamu ilipokuja, walimleta msichana mrembo kutoka London ambaye wakati huo hakuweza kuimba. Wakampeleka Bi Beryl studio kwa siku mbili, akaimba akiwa amesimama gizani, na msichana akafungua mdomo mbele ya kamera. Alisaini karatasi ya kunyamaza. Baada ya miaka saba, daktari akamnyamazisha kabisa.

"Ndiyo maana ulikuja Withernby?"

"Palikuwa mahali pekee ambapo bado waliionyesha. Niliomba kazi yoyote. Kila Jumamosi nilikaa juu pale na kupiga pasi, nikajisikiliza."

"Nani alijua?"

"Neville."

Alikuwa amemwambia miaka tisa iliyopita. Alimwamini, maana aliamini hakuna mtu duniani aliyeipenda sauti ile kama Neville. Neville alilia siku hiyo, akambusu mkono, akaapa hatamwambia mtu. Na nakala mpya ilipotangazwa, Bi Beryl alimwomba kitu kimoja tu, Clive aachiwe kopo lenye Wimbo wa Fanusi. Neville akasema, bila shaka, mama, bila shaka.

"Nini kilitokea jana saa tisa kasorobo?"

Bi Beryl alisogeza kiti karibu na meza.

"Nilikuwa namfunga shela nyuma ya skrini. Alikuwa na furaha. Akanipa kadi. Akasema, Beryl, kila mtu leo atakwenda nyumbani na kipande chako. Hawajui, lakini wanacho. Wewe nimekuchagulia kilicho bora, noti ya juu kabisa." Alijishika skafu. "Sauti kwenye filamu ni mstari, Inspekta. Uko pembeni mwa picha, mweupe, unapandapanda. Niliuona mstari. Ulikuwa mrefu kama ukucha. Nikamuuliza mwingine uko wapi. Akasema lori limeshapita."

"Ukafanya nini?"

"Akageuka kujitazama kwenye kioo. Fanusi ilikuwa mkononi mwangu."

Inspekta alirudia maneno hayo kwa kinasa sauti.

"Alikufa papo hapo. Ulikuwa na nafasi ya kutoka, ya kuita watu. Kwa nini ulipanda kuvaa lile gauni la pili?"

"Kengele ya kuanza onyesho ililia," alinong'ona Bi Beryl. "Bibi Harusi aitwa. Miaka ishirini na minane sijaitwa."

"Hukuwa na mpango wa kuficha?"

"Mpango nilikuja kuuona ndani ya Dakika ya Shela, walipojifunika wote. Kabla ya hapo sikuwa nafikiria kitu. Nilikuwa naolewa. Walinirushia mimi ile chumvi. Kisha ukaja wimbo wangu, na ikatoka sauti ya mtu mwingine. Nzuri, safi, haina kosa hata moja. Mwili ukashuka wenyewe, ukaenda ulikozoea."

"Na Clive? Ungemwacha afungwe?"

Hapo kwa mara ya kwanza macho yake yaliteleza pembeni. "Sijui," alinong'ona. "Ningependa kusema hapana. Andika sijui."

Inspekta Garside alifungua mdomo kulirudia, kisha akaufunga. Alinyanyuka, akachomoa maikrofoni kwenye kishikio chake, akaizungusha meza na kuisogeza hadi ikagusa midomo ya mwanamke yule.

"Liseme wewe," alisema.

Ndilo neno pekee la Beryl Osgodby lililoko kwenye kanda ya polisi. Sijui.

Clive aliachiwa usiku uleule. Hakuna aliyemwomba radhi, hata yule aliyetema mate. Lakini Jumatatu Janice Mudd alibisha mlangoni kwake na bahasha, ndani yake kadi yake mwenyewe na nyingine kumi na tisa. Alizunguka mji mzima kwa miguu, akitumia kila jina na anwani ambayo kazi ya posta imemfundisha. Kufikia Pasaka kadi zilizorudi zilikuwa mia mbili na thelathini, za watazamaji wote. Clive alizibandua kwa mvuke wa birika, akapanga vipande kwa kufuata picha, akaviunga kimoja baada ya kingine kwa gundi na subira. Wimbo wa dakika nne ulikuwa umebaki sekunde thelathini na nane.

Aliunakili kwenye kaseti. Inspekta aliipeleka gerezani mwenyewe, siku yake ya mapumziko, wiki moja baada ya hukumu ya kifungo cha maisha. Hakulazimika kwenda, na hakumwambia Mrakibu.

Bi Beryl alikaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani. Inspekta alibonyeza kitufe. Ilitoka sauti yenye mikwaruzo, ya msichana, inayoruka kutoka neno hadi neno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, na bado ilikuwa kubwa kuliko chumba kile. Askari wa zamu aliacha kutafuna.

Kipande kimoja hakikuwemo. Kilikuwa kielelezo namba tatu, chenye tone la damu, ndani ya kabati la mahakama, na sheria haikuruhusu kitoke. Clive alikuwa ameacha ukanda mtupu mahali pake, mrefu kidogo kuliko inavyostahili.

Sauti ilipanda, ikapanda tena, ikafika pale, na pakawa kimya. Bi Beryl alinyoosha shingo, akafumba macho, akafungua mdomo wake wote. Hakuna kilichosikika. Kisha kaseti ikaendelea, naye akaufunga, akaomba irudishwe mwanzo.